Tone la Mwisho la Chambo

Yamaha ilikata kona bila indiketa.

Shangazi naye akakata.

Toyota Prado si gari la kufukuzana na pikipiki kwenye mitaa ya maduka, na alilijua hilo vizuri, lakini asubuhi ile hapakuwa na gari jingine uani. Akapanda ukingo wa barabara. Akaikwepa meza ya muuza viatu, ikabaki kidogo tu aizoe. Muuza viatu akamtupia tusi zito na ndara moja, na vyote viwili vilimfikia.

"Kituo, huyu Shangazi. Namwona. Sanduku jeupe liko nyuma ya kiti."

"Usipige risasi. Sanduku likitoboka tumekwisha."

"Nimesikia."

"Nasema usipige, Shangazi!"

"Na mimi nasema nimesikia, Mkuu!"

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za yule dereva wa Yamaha ziliishia kwenye lori la mchanga lililokuwa linarudi nyuma polepole, likiziba njia nzima. Akafunga breki. Pikipiki ikalala ubavu, akateleza nayo hadi kwenye rundo la mchanga, na kabla hajajua kama amevunjika au yuko mzima, goti la mwanamke wa umri wa mama yake lilikuwa mgongoni mwake na mdomo wa Glock ulikuwa nyuma ya sikio.

"Tulia, mwanangu. Umepakia mzigo wa watu halafu unaendesha kama mlevi, huna hata aibu?"

Ndiyo maana kazini walimwita Shangazi. Alikuwa anamgombeza mtu kwanza, pingu baadaye.

Akafungua sanduku. Barafu. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua hadi chini.

Barafu tu.

"Kituo. Sanduku tupu."

"Rudia."

"Tupu, Mkuu. Hata kichupa kimoja hamna. Tumechezewa shere."

Dereva alikuwa anatema mchanga. "Mama, mimi niliambiwa nilichukue getini pale maabara, nizunguke nalo mjini, nisisimame. Basi. Sijui wizi wa mtu."

"Nani kakwambia?"

"Kwenye simu. Sura yake sijaiona. Alisema anaitwa Jeli. Jeli wa maabara."

Shangazi akaondoa goti mgongoni mwa yule mtu.

Jeli alikuwa mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja.

*

Amri ilikuwa imekuja alfajiri kwenye Nokia yake ndogo, sauti ya Mkuu bado ina usingizi. "Damu imekuwa maji." Maana yake dawa ya maabara imeibwa, na kwenye friza mwizi ameacha kitu kingine mahali pake.

Dawa yenyewe ilikuwa ya selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kujikunja. Mgonjwa wa kwanza kuipata, Jumatatu ijayo, alikuwa binti wa Jeli, ambaye nyumbani walimwita Mama kwa kuwa alirithi jina la mama yao. Mtoto yule alikuwa amelia maumivu ya mifupa tangu hajajua kutamka mifupa. Sasa mwili wake ulikuwa umeanza kukataa hata damu ya kuongezewa. Daktari wa wodi hakumung'unya maneno: hii ikikosekana, sina kingine. Kuitengeneza upya kungechukua mwaka mzima, na Mama hakuwa na mwaka.

"Baba gani anaiba dawa ya mwanawe?" Mkuu aliuliza redioni, Shangazi alipomtajia lile jina.

Shangazi alikuwa na jibu. Baba ambaye mtu wa nje amemnong'oneza: tuletee, tutamtibu wako kwetu, kwanza, kabla ya watoto wa wenzio. Baba wa mtoto mgonjwa usimwekee dhamana.

"Nikutoe kwenye kazi hii?" Mkuu akauliza.

"Thubutu," alisema Shangazi, akawasha gari.

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na korido, harufu ya spiriti na ya plastiki mpya. Watu watatu tu walikuwa na ufunguo wa friza. Akawakuta wote watatu chumba kimoja, kama alivyoagiza kwa simu, na kila mmoja amekaa mbali na mwenzake.

Profesa, mama mtu mzima aliyebuni dawa ile, alikuwa kwenye kiti cha mlangoni na skafu yake shingoni, amechoka kama mtu aliyetoka msibani. Meneja wa mradi alikuwa dirishani, suti ya kijivu, tai ya buluu imekazwa vizuri, sanduku la safari miguuni. Saa kumi alikuwa na ndege ya kwenda kwenye mkutano wa wataalamu. Na Jeli alikuwa amesimama kwenye meza yake, koti jeupe, plasta kwenye kidole gumba.

Shangazi akatoa kitambulisho. Akafunga mlango.

Jeli alikitazama kile kitambulisho, akamtazama dada yake, akatazama na uvimbe wa bastola kiunoni.

"Dada. Si ulisema unauza bima?"

"Leo siuzi."

"Miaka yote hii Mama anawaambia wenzake wodini shangazi yake ni wa bima!"

"Kaa chini, Jeli."

Hakumwita mdogo wangu. Jeli aliligundua hilo, na akakaa.

Akawapekua mmoja mmoja. Mifuko, viatu, mikoba, sanduku la Meneja, kontena la chakula la Jeli. Hakuna kichupa, hakuna barafu, hakuna chupa ya chai yenye kitu baridi ndani.

"Kitu hiki lazima kitunzwe kwenye baridi," alisema. "Kikitoka nje kinaoza. Kwa hiyo kiko humu au kiko kwenye barafu mahali fulani."

Jeli akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu asiye na raha.

"Nani kakwambia? Protini ndiyo inayotaka baridi. Dawa hii ni DNA, dada. DNA haidekezwi. Idondoshee kwenye kitambaa cha pamba, iache ikauke, ifunge safari hata ya mwezi mzima. Siku ukifika unaloweka kwenye maji kidogo, unaipata ilivyokuwa."

Shangazi akamkazia macho.

Kumbe mtu huyu anajua kabisa jinsi ya kuipitisha. Na kaisema mwenyewe, bila kuulizwa. Ni mjinga au ni mjanja kupita kiasi? Walipokuwa wadogo Jeli hakujua kudanganya. Alikuwa anatazama dari. Sasa alikuwa anamtazama usoni.

"Sanduku la barafu lilikuwa la kutupumbaza," alisema Shangazi.

"Kwa asiyejua kazi hii, ndiyo," alisema Profesa taratibu. "Mwizi alijua mtakimbilia baridi."

"Na kwa nini aibe tone? Si DNA ni herufi tu? Angezituma kwa simu."

"Herufi zangu hata wewe nitakupa, bure," alisema Profesa. "Ila uzi wenyewe nimeufunga kwa kemia ili damu isiutafune, na ufundi huo sijauandika popote. Anayeutaka lazima aushike mkononi, aufumue mwenyewe. Akishaufumua ataupeleka kwenye ofisi ya hataza, ausajili kuwa wake, na sisi tutaomba ruhusa kuwatibu watoto wetu."

"Sasa nataka vitambaa vyenu vyote," alisema Shangazi. "Plasta, skafu, leso. Kila kinachofyonza."

Jeli akabandua plasta yake, akaiweka mezani. Profesa akavua skafu. Meneja akasita kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate, kisha akatoa leso nyeupe mfukoni.

"Na tai?" aliuliza Shangazi.

"Poliesta hii," alisema Meneja, akiipapasa. "Poliesta hainywi maji, muulize fundi wako."

Jeli akakubali kwa kichwa. "Poliesta hainywi."

Wakaelewana haraka mno, aliwaza Shangazi.

*

Kipimo kilikuwa kimoja tu, na mwenye mkono wa kukifanya alikuwa Jeli. Ndiyo kazi iliyompa jina. Shangazi akavuta kiti, akakaa pale anapoona mikono ya mdogo wake.

"Eleza kila unachofanya. Kwa sauti."

"Naloweka vitambaa. Kila kitambaa maji yake." Jeli alikuwa amevaa glavu, sauti kavu. "Kitambaa cha mtu hakikosi DNA. Ya jasho, ya mafua, ya vijidudu. Zote nikizipitisha kwa umeme kwenye jeli, huu utando kama uji ulioganda, zitakimbilia chini, zote zitang'aa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha."

"Basi tutajuaje?"

"Askari atatuambia."

Akatoa kwenye friza kichupa kidogo, akakichomeka kwenye ndoo ya barafu juu ya meza.

"Hii ni protini, tunaiita Askari. Kila mtu anayo mwilini. Kazi yake ni kuzima jeni. Unajua mtoto akiwa tumboni anatumia damu ya aina nyingine? Damu ile haijikunji, hata kwa mwenye selimundu. Akizaliwa, Askari anakuja, anakaa juu ya ule uzi karibu na jeni ya damu ya utoto, na mashine ya mwili ya kuinakili jeni haisogei tena. Jeni imezimwa. Hapo ndipo mateso ya Mama yalipoanzia."

"Anajuaje mahali pa kukaa? Uzi wote si unafanana?"

Jeli akasahau kidogo kwamba amekasirika. Kazi yake aliipenda, masikini.

"Ana vidole, dada. Kweli, vinaitwa vidole, vimeshikiliwa na madini ya zinki. Hafungui uzi kusoma. Anapapasa mfereji wake kwa nje, anateleza. Huku anashika kidogo, hakumpendezi, anaachia. Huku anashika, anaachia. Akifika kwenye herufi zake, vidole vinaingia sawasawa, na hapo hang'oki. Sasa Profesa akatengeneza kipande kifupi chenye herufi zilezile. Chambo. Askari akikutana nacho anakikumbatia, anaisahau jeni, na damu ya utoto inawaka upya."

"Na kwenye jeli?"

"DNA iliyokumbatiwa na Askari ni nzito. Haiwezi kukimbia. Inabaki juu. Kitambaa ambacho mstari wake umebaki juu, mwenyewe ndiye mwizi. Jana jioni nilipima dawa ya kwenye friza hivihivi, Askari akaipita kama haioni. Ilikuwa DNA ya samaki, ile inayouzwa kwa maabara."

"Ukatoa taarifa."

"Nikatoa taarifa."

Au ulitoa ili usishukiwe, aliwaza Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuondoa macho kwenye mikono ile. Meneja alikuwa akizunguka na simu sikioni, mara dirishani, mara pembeni ya meza, mara karibu na kile kipashio cha chuma wanachochemshia vichupa, akimlalamikia dereva wake kuhusu foleni. Shangazi alimwona kama unavyomwona nzi. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Jeli akachukua kichupa kingine, akakiinamisha mwangani. "Hili ni tone la mwisho la chambo halisi. Lilibaki kwenye kipimo cha wiki iliyopita. Litatosha mara mbili, basi. Naliweka kwenye njia ya kwanza, kitundu cha mwanzo kwenye jeli."

"La nini? Hilo si tunalijua?"

"Ndiyo maana naliweka."

Akageukia vitambaa vilivyolowekwa.

Akachanganya, akamimina kwenye vitundu vya jeli, akawasha umeme. Wakasubiri. Hakuna aliyezungumza ila Meneja, na yeye alizungumza sana.

Umeme ukazimwa. Jeli akafunika dirisha, akawasha taa ya buluu. Ile jeli mezani ikang'aa.

Mistari yote ilikuwa chini. Juu hapakuwa na kitu.

"Sote safi!" Meneja alipiga makofi. "Afadhali. Mama, nikichelewa ndege hii mkutano mzima umenipita. Niruhusu."

Shangazi alitafuta sababu ya kumzuia, hakuiona. Akafungua mlango. Meneja akabeba sanduku lake, akashuka.

Profesa safi. Meneja safi. Lakini jina moja lilikuwa limetajwa kwenye rundo la mchanga.

Shangazi akatoa pingu. Akaukamata mkono wa mdogo wake, akaufunga kwenye mguu wa meza.

"Dada!"

"Mwenye Yamaha amekutaja. Unajua kuipitisha. Kipimo umekifanya wewe. Mtoto ni wako. Nani amekuahidi kumtibu, Jeli? Sema, bado naweza kukusaidia."

Jeli alikuwa ameduwaa. Hakuitazama pingu. Alikuwa anaitazama jeli.

"Njia ya kwanza," alisema.

"Nimekuuliza swali!"

"Itazame njia ya kwanza, dada! Ile ni chambo halisi. Hiyo lazima ibaki juu, haina namna. Mbona iko chini?"

Profesa akanyanyuka kitini. Akachukua kile kichupa cha Askari kwenye barafu, akakiweka mbele ya taa. Ndani kulikuwa na ukungu mweupe.

"Amechemshwa," alisema. "Huyu amepikwa kama yai. Vidole vyake vimekwisha. Hawezi kushika kitu."

"Sisi wa kazi hii hatupimi kitu bila njia ya kwanza," Jeli alisema haraka haraka. "Ukiikuta na kasoro, kipimo chote takataka. Aliyemchemsha Askari hakulijua hilo. Alidhani juu kukiwa patupu, wote tunaonekana safi. Dada, kama ni mimi nimemuua Askari, kwa nini nijiwekee shahidi? Si ningeiacha tu njia ya kwanza?"

Shangazi akaitazama njia ya kwanza, kisha mlango.

Mtu wa maabara angejua. Profesa angejua. Aliyekuwa hajui ni mtu wa suti na mikutano, aliyekuwa anapita na simu sikioni kati ya ndoo ya barafu na kipashio, wakati mpelelezi mzima, mwenye mafunzo na bastola, amekodoa macho kwa mdogo wake. Na jina la Jeli kwenye simu, hata yeye angeweza kulitaja.

"Lahaula," alisema.

Akafungua pingu. Kwenye kifundo cha Jeli palikuwa na alama nyekundu.

"Una Askari mwingine?"

"Huwa tunamgawa kwenye vichupa vingi. Yumo kwenye friza."

"Rudia kipimo. Nipigie."

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

*

"Kituo, Shangazi. Ni Meneja. Yuko njiani kwenda uwanja wa ndege."

"Nimkamatishe pale mlangoni?"

"Hapana. Akiona sare ataiharibu dawa. Nataka na mpokeaji."

"Una uhakika safari hii?"

Swali hilo lilimchoma. Alistahili.

"Ninao, Mkuu."

Nokia ikalia akiwa kwenye taa za mwisho kabla ya uwanja.

"Njia ya kwanza imebaki juu," alisema Jeli. "Na leso ya Meneja ina mstari juu, hafifu sana. Alifutia mikono tu. Mzigo wenyewe uko pengine. Tafuta pamba. Kitu ambacho hataki kiguse maji."

Akakata simu bila kuaga.

Ndani ya ukumbi wa abiria mashine za ubaridi zilikuwa zimeharibika. Watu walijipepea kwa pasi za kusafiria, mabwana wamevua makoti, wengine wamefungua vifungo mpaka kifuani. Meneja alikuwa amekaa katikati yao akitiririka jasho, na tai yake imekazwa vilevile hadi kooni. Alikunywa maji kwenye chupa huku ameishika tai kwa mkono wa pili, ameiweka kando, kama anavyofanya mtu anayemkinga mtoto mchanga na mvua.

Poliesta nje. Lakini tai huwa na kitambaa cha ndani, na hicho ni pamba.

Mpumbavu mimi, alijisema Shangazi. Nilikuwa nayo mezani.

Meneja akatazama saa yake ya Casio, akaelekea chooni. Mtu mmoja aliyekuwa akisoma gazeti, mgeni mwenye uso wa upole na koti jepesi, akakunja gazeti na kumfuata.

Shangazi akawafuata wote wawili. Msafishaji alimzuia mlangoni. "Mama, huku kwa wanaume."

"Ndio ninaowataka."

Akasukuma mlango.

Walikuwa mbele ya masinki. Tai ilikuwa imeshavuliwa, inaning'inia mkononi mwa Meneja. Akamwona kwenye kioo. Akaona Glock. Na bila kupoteza hata pumzi, akaishusha tai ndani ya sinki na kuweka mkono kwenye bomba.

"Sogea hatua moja nafungua maji," alisema. "Inaishia mtaroni, na yule mtoto wenu anaishia hukohuko."

Shangazi alisimama palepale.

Alikuwa na bastola, na haikuwa na faida yoyote. Risasi haikimbii kuliko mkono uliokwisha shika bomba. Akaona uso wa Mama, midomo iliyopauka, ile tabia yake ya kuuma shuka ili wenzake wasimsikie akilia. Akaogopa. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kuogopa hivyo.

Kisha akamtazama mgeni. Mgeni hakuwa anaitazama bastola. Alikuwa anaitazama tai.

Shangazi akatia mkono mfukoni taratibu, akatoa kitambaa cheupe cha kufutia miwani. Akakikunjua kiganjani.

"Fungua maji," alimwambia Meneja. "Fungua tu. Hiyo ni DNA ya samaki."

"Nini?"

"Siongei na wewe." Akamgeukia mgeni. "Bwana, umewahi kuipima? Sisi tulipima leso yake leo. Tukakuta chambo halisi. Muulize yeye kwa nini halisi ilikuwa kwenye leso, na wewe anakupa tai."

Mgeni akageuza kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kujifunza vitabuni. "Je, ni kweli ulikuwa na leso?"

"Anadanganya! Leso nilifutia mikono!"

"Basi kweli ilikuwepo."

"Mzigo wote uko kwenye tai, nakuapia!"

"Kwa nini uko tayari kuimwagia maji? Mtu hamwagi mali ya kweli."

"Ninayo hapa," alisema Shangazi, akikisogeza kitambaa cha miwani. "Mwachie mwenzako samaki wake."

Mgeni alimtazama Meneja kwa chuki ya mtu aliyehisi kuibiwa na mwizi mwenzake. Akakirukia kitambaa cha Shangazi. Meneja, akiona mteja wake anakwenda, akafanya kosa ambalo mtu yeyote angelifanya: akainyanyua tai kutoka kwenye sinki amwonyeshe.

"Tazama mwenyewe! Tazama ndani ya..."

Kiwiko cha Shangazi kikampata chini ya taya. Tai ikapaa. Akaidaka kwa mkono wa kushoto kabla haijagusa sakafu iliyolowa, na kwa mguu akamzoa mgeni aliyekuwa bado anakikagua kitambaa cha miwani kwenye mwanga. Mgeni akaanguka juu ya Meneja. Pingu ilikuwa moja, lakini bomba la ukutani lilikuwa imara, na mikono miwili ikaenea.

"Mtu mzima unaiba dawa ya watoto," alisema Shangazi, akihema. "Ukilala unaota nini, wewe?"

Meneja hakujibu. Alikuwa anatafuta jino lake.

"Kituo. Wawili, choo cha wanaume. Njooni na maneno ya kumtuliza msafishaji."

"Na mzigo?"

"Mkavu, Mkuu. Mkavu kabisa."

*

Jua lilikuwa bado liko juu alipoiweka tai kwenye meza ya maabara. Profesa mwenyewe ndiye aliyeifumua mshono. Ndani, kwenye pamba, kulikuwa na mabaka yaliyokauka yakifuatana toka juu hadi chini. Jeli akakata kipande kidogo, akakiloweka, akamwita Askari.

Taa ya buluu ilipowaka, mstari ulikuwa juu. Mnene, umetulia, haukuteremka hata kidogo.

Profesa akafunika uso kwa skafu yake iliyolowa, akalia waziwazi.

Jeli hakulia. Alivua glavu, akatoka koridoni, na Shangazi akamfuata. Wakasimama wote wawili wakitazama uani.

"Ungeikuta kwangu," Jeli aliuliza, "ungenipeleka?"

Angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake.

"Ningekupeleka."

"Na Mama?"

"Ningemlea mimi."

Jeli alipapasa kifundo cha mkono wake. "Nimekasirika, dada. Sikufichi. Ulinitazama leo kama mtu wa barabarani."

"Najua."

"Jumapili usije kwangu kula. Sitaki kukuona."

"Sawa."

Akageuka kurudi ndani. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo wake kwa dada yake.

"Jumatatu njoo hospitali, asubuhi na mapema. Watakapomchoma sindano Mama atataka mtu wa kumshika mkono. Mimi siwezi, nitatetemeka."

"Nitakuja, mdogo wangu."

Mlango ukafungwa. Nokia ikaanza kulia mfukoni, namba ya Mkuu, akaiacha ilie. Akavaa miwani yake ya jua hukohuko koridoni, kwenye giza lile la mchana, akashuka ngazi bila haraka.